Huwashwa Mwisho

Famau aliniambia kwa simu, kutoka Mombasa,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipwa:
"Hizi si spika za harusi, dada.
Hizi hazimsifu mtu."

Zilifika Langoni mgongoni mwa punda,
moja kushoto, moja kulia, kama zilivyokusudiwa,
na kijana wa punda akaniuliza
kama ni televisheni ambazo hazijaiva.

Chumba changu ni cha chini, ukuta wa matumbawe
unene wake dhiraa nzima, safu ya vidaka upande wa kibla.
Zamani viliwekwa sahani za kichina.
Leo vinavunja mwangwi, bure, bila kuombwa,
na upande wa pili nimetundika godoro,
nikamwambia mama linaanikwa.

Kompyuta mezani. Waya mfupi wa USB
hadi kwenye kisanduku cha sauti, chekundu, kizito kama kufuli.
Nyuma yake matundu mawili.
Nyaya mbili za jeki, kila jeki na pete mbili nyeusi shingoni
(yenye pete moja ni ya gitaa, huokota kila kelele ya mtaa),
kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia,
nikarudia kwa kidole kama mtoto wa chuoni
anayeifuata alifu.

Kisha utaratibu. Kompyuta kwanza,
kisanduku cha pili, sauti kwenye sifuri,
spika mwisho kabisa.
Na wakati wa kuzima, spika kwanza.
Mgeni wa heshima: wa mwisho kuingia,
wa kwanza kuaga, asije akasikia
milango ikibamizwa.

Nikawasha. Kimya.
Nikapandisha sauti: kimya kilekile, kikubwa zaidi.
Wimbo ulikuwa unatoka kwenye kompyuta yenyewe,
mwembamba, kama nyuki ndani ya kibiriti.
Sikuwa nimeuambia upite wapi.
Nikafungua mipangilio, nikachagua jina la kisanduku,

na hapo ukaingia mvumo.
Mmmm, wa chini, usiopumua.
Nilizikagua nyaya, nikazibadili, nikazitukana,
saa nzima, mpaka friji ya Bi Rukia auzaye barafu za ubuyu
ilipotetemeka upande wa pili wa ukuta, ikalala,
na mvumo ukalala nayo.
Kumbe tulikuwa tunanyonya waya mmoja, mimi na barafu.
Nikavuta umeme kutoka chumba cha juu.

Basi nikakaa. Spika, spika, kichwa changu:
pembetatu ya pande sawa, nimeipima kwa leso.
Nikaweka harusi ya Mkomani, ya mwaka juzi,
kazi niliyowauzia watu arubaini
na wote wakasema, mashaallah, Tima, imetulia.

Nikajisikia ubeti wa tatu nikiteremka chini ya kinanda.
Nikasikia bangili yangu ikigonga kipaza sauti.
Nikasikia pengo kabla ya kiitikio,
pengo nililodhani ni tupu,
na ndani yake, kushoto, karibu sana,
mtu anavuta kamasi, anameza,
anajikaza. Halafu tari linaanza
sawasawa, kwa wakati wake.

Kushoto palikuwa kipaza sauti cha Mwanakombo.

Mwezi uliofuata aliacha kikundi, akahamia Malindi,
na mimi nikatangaza kwamba ni zile elfu mbili.
Mara nne nimerudisha. Mara nne
anameza, na tari halikosei.

Ningeweza kukata. Sekunde mbili tu,
kipanya changu kimekwisha kutafuna makubwa kuliko hayo.
Famau akapiga: "Zasemaje, hizo spika?"
Nikamwambia, "Zasema."

Sikukata kitu.
Nikazima spika kwanza,
kisha kisanduku, kisha kompyuta,
na gizani nikaanza kutafuta namba ya Malindi
kwenye simu yenye spika ndogo, ya bei rahisi,
inayomsifu kila mtu.